Jinsi ya Kuzuru Moroni na Iconi, Miji ya Kale Chini ya Volkano ya Karthala: Mwongozo kwa Msafiri wa Unguja na Pemba

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msafiri anayetoka Unguja au Pemba na anayekusudia kuzuru miji miwili ya kale ya kisiwa cha Ngazija, huko Komoro, nayo ni Moroni na Iconi, iliyojengwa pale miteremko ya magharibi ya mlima Karthala inapoishia baharini. Wengi wetu tunaokwenda huko huenda kwa ajili ya harusi, kwa ziara za makaburi ya masharifu au kwa kutafuta jamaa, na miji yenyewe tunaipita njiani tukiwa ndani ya gari, jambo ambalo ni hasara, kwa kuwa mtu aliyekulia Mji Mkongwe ana macho ya kuiona miji hiyo kuliko mgeni mwingine yeyote. Kwa kuzuru kwa utulivu, tenga siku nne kamili mbali na siku ya kufika na ya kuondoka.

Ushauri wa kwanza, ambao huenda ukaonekana wa ajabu kwa mtu anayetaka kuona mji, ni kuanza na mlima. Asiyeujua Karthala ataziona kuta nyeusi, mabirika ya maji katika nyua za nyumba na barabara zinazopanda na kushuka kila baada ya hatua chache, lakini hatajua kwa nini mambo yako hivyo.

Mlima kwanza

Karthala una urefu wa mita 2,361 na ni miongoni mwa volkano zilizo hai zaidi katika Bahari ya Hindi, kwani tangu karne ya 19 umelipuka zaidi ya mara 20. Hauna kilele kilichochongoka. Ni mlima mpana uliojengwa na lava nyepesi iliyotiririka tabaka juu ya tabaka, na ukiutazama kutoka baharini asubuhi mapema, kabla mawingu hayajaufunika, unaonekana kama kawa kubwa lililowekwa juu ya sinia. Kule juu hamna ncha, bali pana shimo kubwa lenye upana wa kiasi cha kilomita tatu kwa nne, na ndani yake mna kreta, yaani mdomo wa volkano.

Jambo la mlima huu linalomgusa mgeni kila siku ni maji. Jiwe la lava lina matundu na nyufa nyingi, hivyo mvua inaponyesha hunyonywa mara moja na ardhi, na ndiyo sababu kisiwa hiki chenye mvua nyingi hakina mto unaotiririka mwaka mzima. Kwa muda mrefu watu wa Ngazija wamekuwa wakikinga maji ya mapaa na kuyahifadhi katika mabirika ya kujengea, majumbani na misikitini. Mlima ulipotoa majivu mwezi wa Novemba 2005, majivu hayo yaliangukia mapaa na kuingia katika mabirika, na maelfu ya watu wakakosa maji safi kwa mara moja, ingawa lava haikufika kwenye nyumba ya mtu yeyote. Mgeni anayeelewa hivyo hatamwaga ndoo ya maji ya kuogea ovyo katika nyumba aliyofikia, wala hatashangaa akiombwa atumie maji ya kipimo.

Jambo jingine ni kwamba mlipuko si lazima utokee kileleni. Mwezi wa Aprili 1977 ardhi ilipasuka chini sana katika ubavu wa kusini-magharibi, mbali na kreta, lava ikateremka mpaka baharini na kukiangamiza kijiji cha Singani, ambacho baadaye kilijengwa upya. Aidha, majivu yaliyotua juu ya mlima huweza kuleta madhara miaka kadhaa baada ya mlipuko. Katika mvua kubwa za Aprili 2012 maji na matope yaliporomoka kutoka mlimani na kuifunika sehemu ya mji wa Vouvouni, ulio jirani na Iconi. Tangu Januari 2007 mlima umetulia, na tangu 1988 kipo kituo cha wataalamu kinachoufuatilia usiku na mchana, lakini msafiri mwenye busara huuliza hali ya Karthala kabla ya kukata tiketi, kama vile mvuvi anavyouliza hali ya upepo.

Wakati wa kwenda na vitu vya kuchukua

Misimu ni ileile tunayoijua. Kaskazi huleta joto na mvua kubwa kuanzia Novemba hadi Aprili, nao ndio wakati wa vimbunga. Kimbunga Kenneth kilipita Ngazija mwezi wa Aprili 2019. Kusi, kuanzia Mei hadi Oktoba, huleta ukavu na hewa ya kupumulika, na kwa anayetaka kutembea kwa miguu katika miteremko hiyo sioni sababu ya kwenda wakati mwingine. Tahadhari ni moja tu. Miezi ya Julai na Agosti ndiyo miezi ya harusi kubwa, Wangazija wanaoishi Ufaransa hurudi nyumbani kwa wingi, nafasi za ndege huwa adimu na nyumba za kulala wageni hujaa. Anayetaka kuziona harusi aende wakati huo na akate tiketi mapema sana. Anayetaka kuuona mji aende Juni au Septemba.

Njia ya kawaida ni kuvuka kwa boti hadi Dar es Salaam na kupanda ndege inayokwenda Hahaya, uwanja wa ndege ulio kaskazini ya Moroni kwa mwendo wa kiasi cha kilomita ishirini. Ratiba za ndege hizo hubadilika, hivyo acha angalau siku moja ya nafasi kati ya safari yako na jambo lolote la lazima. Wapo watakaokuambia kwamba kuna chombo cha mizigo kinachoondoka bandarini na kwamba nahodha hakatai abiria. Usikipande. Chombo kisichokuwa na ruhusa ya kuchukua abiria hakina jina lako katika karatasi yoyote, na bahari iliyopo kati ya hapa na Ngazija ni bahari kuu.

Pasipoti ni ya lazima, kwa kuwa Komoro ni nchi nyingine hata kama nyumbani kwenu mna shangazi wa huko. Masharti ya viza yaulize kabla ya safari, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe pamoja na pasipoti, mkononi, si ndani ya sanduku. Malaria ipo, kwa hiyo chandarua na dawa ya kufukuzia mbu zisisahaulike. Saa haina haja ya kubadilishwa, kwani saa za huko ni sawa na zetu, lakini soketi za umeme ni za Kifaransa zenye matundu mawili ya duara, na chaja ya meno matatu ya Unguja haitaingia bila kigeuzio.

Fedha yao ni faranga ya Komoro, ambayo thamani yake imefungwa kwa euro: euro moja ni faranga 491.97, na kwa hesabu ya haraka euro 10 ni zaidi kidogo ya faranga 4,900. Chukua euro taslimu, tena za noti ndogondogo. Kadi za benki hazina msaada mkubwa nje ya sehemu chache za mjini, na shilingi ya Tanzania usitegemee kuibadilisha.

Viatu viwe vya soli nene na vilivyofunga mguu. Ndara zinazotosha kwa vichochoro vya Shangani zitararuka katika mawe ya lava, ambayo kingo zake hukata kama kioo, na jambo hili si la mlimani pekee, kwa sababu hata ufukwe wa Iconi ni mawe hayohayo. Nguo ziwe za stara kwa wanaume na wanawake sawasawa. Mwanamume achukue kanzu na kofia, si kwa mapambo, bali kwa sababu Ijumaa na siku za shughuli atajiona mpweke akiwa na fulana.

Kwenda mikono mitupu haipendezi. Halua iliyofungwa vizuri hupokelewa kwa furaha kubwa, na kanga mpya zenye majina mazuri hazijawahi kumkosesha mtu shukrani. Karafuu usibebe: wao wanazo, na kwetu kuzitoa nje ya nchi kwa mlango wa nyuma ni magendo.

Kuutembea mji wa kale wa Moroni

Ukishatua, sahau mkono wa kushoto. Magari ya Ngazija huendeshwa upande wa kulia, na mtu aliyezoea barabara za Unguja hugeuza shingo upande usiofaa kabla ya kuvuka. Usafiri wa mjini ni taksi za kuchangia. Unasimama kando ya barabara, unamtajia dereva unakokwenda, naye akiwa anaelekea huko unapanda pamoja na wengine waliomo. Uliza nauli kabla ya kuingia, wala usione haya, kwani wenyeji nao huuliza.

Asubuhi ya kwanza panda, usishuke. Chukua taksi inayokwenda Mvouni, kijiji kilicho katika mteremko juu ya Moroni, kisha rudi kwa miguu taratibu. Kutoka huko unaona bahari upande mmoja na msitu wa Karthala upande wa pili, na kadiri unavyoteremka unapita katikati ya migomba, minazi, mikarafuu na mashamba ya vanila na mlangilangi, ambao hapa hulimwa kwa ajili ya mafuta ya manukato. Udongo unaobadilika chini ya viatu vyako, mara mwekundu na laini, mara jiwe jeusi tupu, ni kumbukumbu ya milipuko: penye jiwe tupu lava ni changa, penye udongo mzito lava ni ya kale. Ukishaona hivyo mara moja, utaweza kuusoma mteremko wowote wa kisiwa hiki bila ya kiongozi.

Mji wa kale wenyewe umejikusanya juu ya bandari ndogo ya majahazi, katika mitaa kama Badjanani na Mtsangani. Uingie kutoka juu na uuache uteremke wenyewe, kwa maana vichochoro vyote hatimaye hukufikisha baharini, na hofu ya kupotea haina msingi. Utakuta mambo ya kwetu: mabaraza ya mawe mbele ya nyumba, milango ya kuchonga, na hapa na pale wikio linalovuka kichochoro na kuunganisha ghorofa za nyumba mbili ili wanawake wapite bila kutoka nje. Hata hivyo, simama mahali ambapo chokaa imebanduka na utazame ukuta kwa karibu. Kwetu, chokaa ikianguka, ndani huonekana jiwe la matumbawe, jeupe lililochafuka; huku huonekana jiwe jeusi lenye vitundu, na kati ya jiwe na jiwe mna mistari ya chokaa nyeupe iliyochomwa kutokana na matumbawe. Mlima umetoa mawe, bahari imetoa chokaa. Katika ukuta wa zamani unaweza kuingiza ncha ya kidole katika tundu lililoachwa na povu la gesi wakati jiwe hilo lilipokuwa bado moto.

Nyumba nyingi ni mbovu, na yapo magofu ambayo mti umeota katikati ya sebule. Sitaki kulipamba jambo hili. Hali yake inafanana na ya sehemu za Mji Mkongwe ambazo warithi wako wengi na fedha za ukarabati hazipo, ila kwa Moroni watalii ni wachache, na hakuna hoteli inayosubiri kununua jumba kila linapoanza kubomoka. Usiingie ndani ya gofu, maana sakafu za juu ni za boriti kuukuu, na usipige picha nyumba inayokaliwa mpaka umeomba.

Msikiti wa Ijumaa wa zamani uko ukingoni mwa bandari, mweupe, wenye safu za matao zinazoelekea majini. Mwaka unaotajwa wa kujengwa kwake ni 1427, ingawa mnara na sehemu nyingine ziliongezwa baadaye sana. Wakati mzuri wa kuutazama kwa nje ni alasiri, jua likiupiga usoni na maji yakiwa yamejaa. Wakati wa kuingia ni wakati wa sala, kwa Mwislamu anayekwenda kusali. Wangazija ni Sunni wa madhehebu ya Shafi kama tulivyo wengi wetu, na hakuna kitu katika ibada kitakachokutatiza. Mwanamke anayetaka kusali aulize kwanza mahali palipotengwa, kwa kuwa misikiti haifanani, na wanawake wa nyumba za jirani ndio watakaompa jibu sahihi. Asiyekuwa Mwislamu aombe idhini ya kuingia ukumbini nje ya nyakati za sala, na akikataliwa asishindane.

Kwa mvua ya ghafla au jua kali, makumbusho ya taifa, yaliyo chini ya kituo cha utafiti cha CNDRS, yapo mjini Moroni na yanafaa kwa saa moja. Humo amehifadhiwa gombessa, samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani tangu zama za dinosaria, kumbe wavuvi wa visiwa hivi walikuwa wakimvua. Pana pia maelezo kuhusu volkano.

Bangwe na adabu zake

Sehemu hii nitaikalia kidogo, kwa sababu hapa ndipo mgeni wa Kizanzibari huteleza kwa kudhani kwamba anajua. Kila mji wa Ngazija una bangwe, yaani uwanja wa hadhara uliozungukwa na mabaraza ya mawe, ambapo wanaume hukutana, husikiliza habari, hupatanisha na hupitisha maamuzi ya mji. Kwetu, mtu akipita penye baraza na kutoa salamu, akiona nafasi hukaa. Bangweni hukai mpaka uonyeshwe pa kukaa.

Sababu yake ni ada, ile harusi kubwa ambayo mwanamume wa Ngazija hutarajiwa kuifanya mara moja katika umri wake, ndani ya mji wake, kwa gharama inayoweza kumla akiba ya miaka mingi. Aliyekwisha kuifanya huhesabiwa mtu mzima wa mji, husikilizwa katika shauri, huvaa mavazi ya heshima yanayomtambulisha na huwa na mahali pake pa kukaa. Ambaye hajaifanya, hata akiwa na mvi na shahada, husubiri. Mgeni hayumo ndani ya daraja hizo, na uungwana unamtaka asizivuruge. Simama pembeni, salimia, ngoja. Kwa kawaida mzee mmoja atakuita kabla hujachoka.

Salamu ya mdogo kwa mkubwa ni "kwezi", na mkubwa hujibu "mbona". Ukiitumia kwa wazee utawafurahisha kuliko kwa hotuba yoyote. Baada ya hapo endelea kwa Kiswahili cha polepole, kwa kuwa Kingazija na Kiswahili ni ndugu, na miongoni mwa wazee wa Moroni na Iconi utakutana na waliowahi kuishi Unguja na wanaokisema Kiswahili cha mjini kama wewe. Vijana wengi watapendelea Kifaransa. Jitambulishe kwa jina la baba na la mtaa unaotoka, usiseme "Zanzibar" tu, kwani swali linalofuata lazima litakuwa Zanzibar ya wapi na kwa nani. Jina la ukoo linaweza kufungua milango ambayo kiongozi wa watalii hana ufunguo wake.

Yapo mazungumzo yanayohitaji upole. Wangazija walioishi Unguja walipoteza hadhi ya uraia mwaka 1968, na familia nyingi zilitawanyika. Mzee anaweza kuyaeleza hayo kwa kicheko au kwa uchungu, na kazi yako ni kusikiliza. Siasa za visiwa vyao pia waachie wenyewe.

Ukialikwa katika shughuli za ada, kubali, na uulize unapaswa kuvaa nini, maana kila usiku una vazi lake. Huenda ukakaa katika majlisi ya kisomo, au ukasikiliza twarab, muziki uliotoka Unguja mwanzoni mwa karne ya 20 na kugeuka wa kwao. Sikio la Mzanzibari litaitambua asili yake kabla ya ubeti wa pili. Wanawake wataalikwa peke yao, nao wana shughuli zao ambazo wanaume hawaingii. Utawaona wamepaka msindzano usoni, ambao ni liwa yetu. Kutunza ni kwa hiari, lakini ukitunza, tunza kwa noti na kwa kimya.

Iconi

Iconi uko kilomita chache kusini ya Moroni, na unafikiwa kwa taksi ya kuchangia ndani ya muda mfupi. Upe nusu siku, asubuhi. Kabla ya Moroni kushika ukuu wakati wa utawala wa Kifaransa, Iconi ndio uliokuwa makao ya masultani wa Bambao, mmojawapo wa utawala kadhaa uliogawana kisiwa, ambao wakuu wake walikuwa wakigombea cheo cha ntibe, yaani sultani wa masultani. Sultani wa mwisho kuwa na nguvu, Said Ali, alitia saini mkataba na Mfaransa Léon Humblot mwaka 1885, na mwaka uliofuata kisiwa kikawekwa chini ya ulinzi wa Ufaransa. Humblot, aliyekuja kutafuta mimea, aliishia kumiliki sehemu kubwa ya ardhi ya kisiwa. Said Ali alihamishwa mwaka 1893 na hakurejea kutawala.

Anza ufukweni, kwenye magofu ya kasri la Kaviridjeo. Kuta zake za jiwe jeusi ziko karibu mno na maji, na maji yakiwa mengi mawimbi huzipiga. Zunguka nje kwanza, ndipo uombe kuonyeshwa ndani. Hapana haja ya kutafuta ofisi, kwani mtu wa jirani atakayekuona umesimama atakuja mwenyewe, na ahsante ya faranga chache si vibaya.

Kisha tazama kilima kilicho ubavuni mwa mji. Kilima hicho ni mtoto wa Karthala, koni la zamani la volkano ambalo bahari imelila upande mmoja na kuacha jabali lililosimama wima juu ya maji. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 wavamizi kutoka Bukini, yaani Madagaska, walikuwa wakija kwa mitumbwi mingi kuteka watu wa visiwa hivi na kuwauza utumwani. Watu wa Iconi husimulia kwamba katika uvamizi mmoja wanawake wa mji walikimbilia juu ya jabali hilo, na walipoona hawana pa kutokea wakajirusha baharini kuliko kutekwa. Kisa hiki husimuliwa kwa sauti ya kawaida, bila machozi, na mwenye kukisimulia mara nyingi hutaja kwamba bibi wa ukoo wake alikuwamo. Msikilize mpaka amalize ndipo uulize njia ya kupanda.

Njia ni fupi lakini ni ya kokoto zinazoteleza. Usipande peke yako, usipande mvua ikiwa imenyesha, na usiusogelee ukingo ili kupiga picha, kwa kuwa mwamba wa koni la volkano ni majivu yaliyoshikana na huvunjika bila onyo. Ukiwa juu, geuka uipe bahari mgongo. Hapo ndipo mteremko mzima unapoonekana kwa mara moja: nyumba za Iconi miguuni, Vouvouni nyuma yake, mashamba, kisha msitu, kisha wingu.

Ziara za karibu

Anayependa habari za wanazuoni asiondoke bila kufika Itsandra, kaskazini kidogo ya Moroni, kwenye mchanga mweupe ambao ni adimu katika kisiwa cha lava. Hapo ndipo alipozaliwa Sayyid Ahmad bin Sumeit mwaka 1861, aliyekuwa kadhi wa Unguja na mmoja wa wanazuoni wakubwa wa pwani yote hadi alipofariki mwaka 1925. Mwanawe Habib Omar, ambaye naye alikuwa kadhi Unguja, hatimaye alihamia Ngazija na kufariki huko mwaka 1976. Katika Moroni kwenyewe lipo kaburi la Sheikh Muhammad Maarufu, aliyeieneza tarika ya Shadhiliya katika visiwa hivi na katika pwani yetu, nalo huzuriwa na watu wa tarika kutoka mbali.

Anayependa zaidi habari za mlima aende Singani kuiona lava ya 1977. Ni jiwe jeusi lililoganda, na mimea imeshaanza kulivamia.

Kupanda Karthala

Kupanda hadi kreta ni safari tofauti na haipaswi kubanwa ndani ya ratiba ya kuzuru miji. Wengi huanzia Mvouni au Bahani, hulala mlimani usiku mmoja na kuteremka siku ya pili. Kiongozi mwenyeji ni wa lazima, kwa sababu ukungu hushuka ndani ya dakika chache na vijia vya wakata kuni vinafanana. Maji yote ya kunywa na kupikia hubebwa kutoka chini, kwa sababu ileile ya jiwe linalonyonya mvua. Patana na wapagazi mapema juu ya nani anabeba nini. Mtu wa pwani asidanganywe na joto la Moroni, maana usiku wa kule juu ni baridi ya kweli na huhitaji sweta nzito, soksi na kitu cha kuzuia upepo. Msituni utapita chini ya miti mirefu iliyofunikwa kuvu, penye ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na karibu na juu miti hugeuka vichaka vifupi. Ukiambiwa mlima una dalili za kulipuka, ghairi, hata kama umeshalipa.

Chakula, na siku ya kuondoka

Katika chakula hutapata taabu. Wali, samaki, ndizi mbichi za kupika, muhogo, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa nazi, pilau ya shughuli na mkate wa sinia vyote utavitambua, na nyama ni halali bila kuuliza. Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa. Bei za dukani ni za juu kuliko za Unguja, kwa kuwa bidhaa nyingi huagizwa kutoka nje, mchele ukiwamo. Unapofikia nyumbani kwa watu, changia sokoni badala ya kumpa mwenyeji fedha mkononi. Soko la Volo-Volo lina kila kitu, na asubuhi ndiyo saa yake.

Vanila na mafuta ya mlangilangi ndivyo vitu vya kununua. Vanila nzuri ni nyeusi, laini, yenye mafuta kidogo na inakunjika bila kuvunjika. Iliyokauka kama kijiti iache. Funga mafuta katika chupa yenye kizibo cha kukaza na uyaweke katika sanduku linaloingia chini ya ndege, kwani harufu yake ikivuja ndani ya begi la mkononi utasafiri nayo peke yako. Faranga zilizobaki zimalize kabla ya kwenda Hahaya au zibadilishe kuwa euro mjini Moroni, kwa sababu hakuna duka la fedha la Darajani litakalozipokea.